Nguo za Maua Katika Nyumba Zetu

Katika mji huu wa Tabora na vijiji vinavyouzunguka pana desturi iliyoenea sana, nayo ni kupamba nyumba kwa nguo za maua: kitenge madirishani, kanga juu ya makochi, kitenge kingine juu ya meza, na pengine kanga iliyotandazwa ukutani mahali palipotundikwa kalenda. Mimi si adui wa desturi hiyo, na nyumbani kwangu ipo. Lakini naona tumeipokea pasipo kuitazama. Basi naomba ruhusa niikosoe kidogo, tena nitaanza na nyumba ya rafiki kabla ya kufika kwangu, ingawa kosa la kwangu ndilo kubwa zaidi.

Nalialikwa katika nyumba ya rafiki siku wazee walipoleta posa ya binti yake. Sebule ilikuwa imepambwa kwa bidii nyingi. Madirishani mlikuwa na kitenge cha tausi wa manjano. Makochi yalikuwa ya maua, na juu ya maua yale vikawekwa vitambaa vya kufuma, vyeupe vyenye kingo nyekundu. Sakafuni palikuwa na zulia la plastiki la miraba. Juu ya meza, kanga ya korosho. Mtu akiingia hakujua atazame wapi, maana kila kitu kilimwita kwa sauti moja, kama watoto wa darasa la kwanza mwalimu anapouliza swali jepesi. Na juu ya yote, ukutani, ilitundikwa kanga nzima, nzuri kwa kweli, nyekundu na nyeusi, nayo imeandikwa: HASIDI HANA SABABU. Wale wazee wa upande wa mume walikaa chini ya maneno hayo saa tatu, wakinywa chai. Nalimwona mmoja akiyasoma polepole, kisha akamtazama mwenziwe. Mambo yalikwisha kwa heri, namshukuru Mungu. Lakini nalijiuliza njia nzima, je, mwenye nyumba aliwahi kuisoma kanga yake, au aliona rangi tu?

Sisi wa Tabora tusingalipaswa kukosea katika jambo la nguo. Mji huu umejengwa na nguo. Burton alipoondoka pwani mwezi wa Juni mwaka 1857, akafika hapa, mahali palipoitwa Kaze, tarehe 7 Novemba mwaka ule ule, mizigo iliyomlisha njiani ilikuwa nguo, shanga na waya za shaba. Fedha haikuwa na kazi bara. Chakula kilinunuliwa kwa nguo, hongo ya watemi ililipwa kwa nguo, na wapagazi wenyewe, wengi wao Wanyamwezi, walipewa ujira wao kwa nguo. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili sabini hivi, nguo zimekunjwa na kukazwa kwa kamba hata zikawa kama mto mrefu wa kulalia. Mzigo huo waliuita mtumba. Leo tukisema mitumba twataja mashati yaliyokwisha kuvaliwa Ulaya. Neno limeshuka cheo, wala hatukuona lilipokuwa likishuka.

Na nguo zile hazikuwa za namna moja. Palikuwa na merikani, nguo ngumu isiyopaushwa, iliyoletwa na merikebu za Salem kutoka Marekani tangu miaka ya 1830. Hata vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza kule mwaka 1861, ikaadimika. Palikuwa na kaniki ya Bara Hindi, iliyotiwa nili. Palikuwa na bendera nyekundu. Palikuwa na barsati, buluu yenye mstari mpana mwekundu upande mmoja. Palikuwa na sahari na debwani kwa watu wenye cheo. Kila nchi njiani ilikuwa na nguo yake iliyoipenda, na mapenzi hayo yalibadilika. Mfanyi biashara aliyechukua rangi iliyokwisha kuchujuka machoni pa watu aliweza kufika na mizigo mia asipate hata kibaba cha mtama. Basi mtu asidhani kwamba babu zetu walipokea kila kitambaa walicholetewa. Walikuwa wakosoaji wakali, na ukosoaji wao uliwagharimu matajiri wa pwani mali nyingi.

Tena walijua vipimo. Mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, na doti nyingi hufanya jora. Mtu hakutia kisu katika nguo ovyo, kwa kuwa kuikata ni kuigawanya mali. Neno doti tunalo hata leo tukinunua kanga, ingawa sasa maana yake ni kanga mbili za namna moja zilizoungana.

Je, nyumba za watu wale waliokaa juu ya nguo nyingi namna ile zilipambwaje? Tembe la Kwihara, alipokaa Livingstone mwaka 1872 tangu Februari hata tarehe 25 Agosti, laweza kutazamwa mpaka leo. Ni nyumba ya kuta nene za udongo, yenye baraza mbele, na ndani vyumba vyenye giza la kupumzisha macho. Stanley aliyekaa humo mwaka wa mbele yake aliweka mizigo yake ya nguo na shanga katika vyumba hivyo hivyo. Naye ameandika kwamba Waarabu wakubwa wa Unyanyembe walikuwa na mazulia ya Kiajemi, na matandiko ya thamani, na vyombo vya fedha vya chai na kahawa. Angalieni mahali nakshi ilipowekwa: chini, penye kukaliwa, na kitandani, penye kulaliwa. Ukuta ulikuwa udongo. Zulia moja lenye nakshi juu ya sakafu tulivu, mbele ya ukuta usiosema neno, mgeni huliona mara moja tu na hulikumbuka miaka.

Wala si kwamba ukuta wa bara haukujua mapambo. Jirani zetu Wasukuma, katika chama cha wachezaji wa nyoka, walipaka picha katika kuta za ndani za nyumba zao za mikutano, nyoka na watu na wanyama. Hans Cory alizikusanya picha hizo katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1953. Lakini hizo zilikuwa na kazi: aliyeingia chamani alifundishwa kwazo. Ukuta ulisema kwa sababu ulikuwa na la kusema.

Sasa nije kwangu. Nalipoongezewa darasa na mshahara, naliona aibu kwa makochi yangu, maana yalikuwa ya mbao tupu na mito ya sponji iliyovaa magunia. Palikuwa na wageni wa kazi watakaofika Jumamosi. Ndani ya sanduku palikuwa na doti ya kanga ambayo mama yangu alimpa mke wangu tulipopata mtoto wa kwanza, ili ambebe nayo. Kanga hiyo Mama naye alipewa na marehemu baba, mdogo wangu alipozaliwa. Ilikuwa ya kahawia na nyeupe, yenye pindo pana la nukta, karibu mpya, maana Mama aliitunza mno. Nalichukua moja nikaipeleke kwa fundi cherehani. Mke wangu akasema, "Mwalimu, hicho si kitambaa. Hiyo ni kanga ya Mama." Nikamjibu kwamba kitambaa ni kitambaa, na tena nyingine ingalipo sandukuni. Fundi akaikata vipande vinne vya mito. Ilikuwa kazi safi, sina la kumlaumu; alifuata kipimo nilichompa.

Jina la kanga ile ni WEMA HAUOZI. Mama hajui kusoma. Muuzaji alimsomea jina hilo mara moja dukani, naye akalishika, na kila alipoifua na kuianika alikuwa akilitaja kwa kidole juu ya herufi, kama mtu asomaye. Katika mito yangu jina lilianguka penye mshono. Mto mmoja ukapata WEMA HAU, na herufi zilizobaki zikaenda pamoja na mabaki chini ya meza ya fundi.

Alipotutembelea mwezi wa Julai, akitokea kijijini upande wa Sikonge, aliingia, akasalimu, akatazama makochi. Akaushika mto ule, akaugeuza, akapitisha kidole pembeni mwake pote, pande zote nne. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, pindo liko wapi?"

Nikamwambia fundi alilitupa. Hakunigombeza. Alitoka nje akakaa juu ya mkeka kibarazani, na siku nne alizokaa kwetu hakukaa kochini hata mara moja. Alisema apenda upepo. Wasomaji wa Tabora wajua jioni za Julai zilivyo na baridi.

Swali lake ndilo lililonifundisha ukosoaji wa nguo kuliko kitabu chochote. Hakuuliza kwa nini nimeikata. Aliuliza pindo. Maana kanga si kitambaa chenye maua yaliyotawanyika. Ni kitu kilichojengwa, kama nyumba. Ina pindo linaloizunguka pande zote nne, nalo ndilo ukuta wake. Ndani ya pindo pana mji, na neno hilo si langu, ndivyo wenyewe wanavyopaita. Na chini ya mji, juu ya pindo la chini, pana jina, yaani maneno. Urefu wake ni kama mita moja na nusu, upana zaidi kidogo ya mita moja, kipimo cha mwili wa mwanamke. Ukiondoa pindo, mji hauna boma. Ukikata jina, kanga imekuwa bubu, au mbaya zaidi, imekuwa na kigugumizi kama mto wangu.

Kitenge ni kitu kingine kabisa, na kosa letu kubwa ni kuvichanganya viwili hivi kwa sababu vyote vina rangi. Kitenge asili yake ni mbali. Watu wa Java walipaka nta juu ya nguo kisha wakaitia rangi, ili penye nta pasishike. Waholanzi wakaiga kazi hiyo kwa mashine, na kiwanda cha Helmond kilichoanzishwa mwaka 1846 chafanya kazi hiyo mpaka leo, ingawa wanunuzi wake wakuu waligeuka kuwa Waafrika, wala si watu wa Java. Baadaye wengine wengi walijifunza, na sisi wenyewe tulikuwa na kiwanda cha Urafiki Dar es Salaam tangu mwaka 1968. Kitenge huchapwa kwa kufululiza. Ua lile lile hurudi kila baada ya hatua, halina mwanzo wala mwisho, na ukingo wake una jina la kiwanda tu. Nguo hii ilizaliwa ili ikatwe. Ukikata mto wa kitenge, ua lililopotea linarudi mkono mmoja mbele. Basi hukumu yangu ni hii: kitenge na kikatwe, na kanga isikatwe. Mwenye kutaka mito, foronya, pazia na vifuniko vya makochi, anunue kitenge. Mwenye kutaka kanga nyumbani mwake aitandaze nzima, kitandani au mezani, pindo lake lionekane kote.

Najua nitajibiwa. Kuna mwalimu mwenzangu, mtu msomi wa mambo ya kale, aliyenikumbusha kwamba kanga yenyewe ilizaliwa kwa kukatwa. Yasemekana kwamba wanawake wa Unguja, katika nusu ya pili ya karne ya 19, walinunua leso zilizochapwa sita kwa mfululizo, wakazikata tatu tatu, wakaziunganisha kwa uzi, ndipo wenye maduka wakaona wazichape nzima. "Basi," akasema, "wewe wawakataza watu kufanya walivyofanya mabibi zao?" Nalikaa na jibu hilo juma zima. Ni jibu zuri. Lakini tazameni wanawake wale walikata ili wafanye nini. Walikuwa na vitambaa vidogo, vya kufutia jasho na kufungia fedha, wakavifanya kitu kimoja kikubwa, cha kufunika mwili mzima. Mkasi wao uliongeza. Mimi nalikuwa na kitu kikubwa nikakifanya vitambaa vya kukaliwa.

Jibu la pili ni la fedha, nalo nalistahi zaidi. Kitambaa kizito cha makochi ni ghali, na doti ya kanga kutoka India hupatikana kwa bei ambayo mwalimu aweza kuimudu. Kweli. Lakini kitenge chembamba si ghali kuliko kanga kwa kiasi cha kumshinda mtu, na merikani au kaniki ni rahisi kuliko vyote. Nani amesema mto lazima uwe na maua? Kochi la kaniki nyeusi, na juu yake mto mmoja wa kitenge, lina heshima kuliko bustani nzima iliyokanyagana. Na tukumbuke mwanga. Katika tembe lenye madirisha madogo, rangi nyingi hulainishwa na kivuli. Nyumba zetu za sasa zina madirisha mapana na bati juu, jua la Tabora laingia mpaka pembeni, na kila rangi husimama na kupiga kelele. Nakshi iliyomfaa babu gizani yaweza kumchosha mjukuu mchana.

Juu ya madirisha nina neno moja tu. Kanga nyingi huchapwa upande mmoja. Kinyume chake ni rangi iliyofifia. Ukiitundika dirishani ili wewe uisome ukiwa ndani, apitaye njiani huona mgongo wake, na jina huenda kinyume, kama maandishi katika kioo. Ukiigeuza impendeze mpita njia, wewe ndiwe wakaa na mgongo. Zaidi ya hayo, jua la kiangazi hunyonya wekundu kwa miezi michache, na vumbi humaliza kazi. Kitenge cha nta kilichoshika rangi pande mbili ndicho cha dirishani.

Na juu ya maneno, kila mtu asome kabla ya kutundika. Maandishi yaliingia katika kanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazofundisha shuleni, na tangu hapo kanga imekuwa barua. Mwanamke huivaa ili neno limfikie mtu mmoja, naye mtu huyo hujua. Akiisha kupita, neno limepita. Lakini ukilibandika ukutani hukaa hapo mchana na usiku, likimwambia kila aingiaye, padre na mdai na mkwe, jambo lililokusudiwa jirani mmoja. Rafiki yangu wa posa nalimwambia hayo baadaye. Alicheka sana, kisha akanyamaza, kisha akaniambia kwamba mkewe ndiye aliyeichagua, na kwamba ukuta wa upande wa pili ni wa wifi yake. Basi labda pale ilisomwa vema kuliko nilivyodhani. Nimeliacha jambo hilo.

Kwangu sasa kuta ni nyeupe. Makochi yamevaa kaniki, na mito miwili ni ya kitenge, ya majani. Mito mitatu ya kanga nimeiondoa sebuleni, nikaiweka chumbani. Wa nne, ule wenye herufi, binti yangu ameukataza usiondolewe, maana ndio anaokalia akisoma. Yuko darasa la pili, na kila kilichoandikwa hukisoma kwa sauti, mabango na mifuko ya sukari pia. Juzi alisoma, "Wema hau," akaniuliza neno lililobaki liko wapi. Nikafungua sanduku, nikamtandazia kanga ya pili kitandani. Akaanza kuisoma kwa kidole, akianzia penye pindo.